Msaada: kupandisha picha Wikimedia Commons kwa API, inagoma na badtoken

lenzi_chakavu: Wakuu habari za saa hizi. Nina picha za milango ya Mji Mkongwe nimepiga mwenyewe, ni mamia, nataka kuzipandisha Commons (ghala la picha huria la Wikimedia) kwa skripti ya Python kupitia API (njia ya programu kuongea na seva) maana kujaza fomu moja moja ntakesha. Login inasema Success, tokeni (msimbo wa uthibitisho toka kwa seva) naipata, nikituma action=upload tu najibiwa badtoken, yaani tokeni si sahihi. Paswedi nimebadili, bot password (paswedi ya pembeni ya skripti) nimetengeneza, wapi.

fundi_usiku: Printi hiyo tokeni tuione. Kama ni +\ tupu basi hiyo ni ya mgeni, hapo unapoiomba seva haikujui kabisa.

lenzi_chakavu: Ndo hiyo hiyo mkuu 😩

fundi_usiku: Paswedi haina shida basi. Kila ukiita requests peke yake bila kuki za login (alama seva inazokutambua nazo) rikwesti inaenda kama mtu baki. Inaelekea tokeni umeiomba bila kuki hizo ukapewa ya mgeni, halafu ukapandisha ukiwa nazo, ndo maana haikulingana. Fungua requests.Session() moja tu pale juu, login, kuomba tokeni ya csrf (ile ya kuthibitisha kitendo kama kupandisha) na kupandisha vyote vipitie humo. Tokeni ya login ni nyingine usiichanganye na hiyo ya csrf. Faili litume kwa POST kama multipart/form-data, na User-Agent andika jina la skripti yako na mawasiliano, ukiiacha ile ya python-requests yenyewe unaweza kufungiwa. Kwenye bot password cheki umetiki ruhusa ya kupandisha faili mpya.

mama_data: Ongeza na assert=user kwenye rikwesti, login ikikatika utajua hapo hapo. Ila nakuomba kaka usiweke ignorewarnings (kupuuza maonyo ya seva) eti mambo yaende haraka, jina likigongana unaweza kufunika picha ambayo tayari ipo. Leseni iandike kwenye text (sehemu ya maelezo ya faili), mfano cc-by-sa-4.0, picha isiyo na leseni wanaifuta bila huruma. Na majina ya kamera kama DSC_0412 hawayataki, andika mlango gani na mtaa gani.

kobe_mzee: Vijana mnapenda shida 😂 Programu ya Pattypan ipo, unajaza eksel inapandisha yenyewe.

lenzi_chakavu: Mzee wangu nataka kujifunza kodi ndo maana. Fundi, imepita! Ila kuna moja inarudisha warning ya duplicate (faili rudufu) na jina lake halipo popote Commons??

fundi_usiku: Jina haliangaliwi hapo, wanalinganisha sha1 ya faili (alama inayotokana na yaliyomo ndani yake). Kagua folda, itakuwa una kopi mbili za picha hiyo hiyo na mwenzake ameshapanda.