Watoto wanaokimbia masomo Lubumbashi: shule za kwenu zinasemezana? Tupeane uzoefu

Mama wa Ruashi
Ndugu zangu, salamu. Kijana wangu wa mwaka wa nane alitoka nyumbani kila asubuhi, shati nyeupe, suruali ya buluu, mfuko mgongoni. Siku moja nikafungua daftari yake ya hesabu: tarehe ya mwisho ilikuwa ya majuma matatu nyuma. Nilipoenda kuuliza, shule wakaniambia walidhani amehamia shule ya pili, ile iliyo ng'ambo ya barabara. Majuma matatu, na hakuna mtu aliyevuka kwenda kuuliza! Niliumia sana. Aliyeona shule za kartie (mtaa) moja zikisaidiana juu ya watoto wa namna hii, atuelezee walifanya nini.

Mwalimu, Katuba
Pole Mama. Kwetu shule tatu ziko kwenye avenyu moja, na zamani mtoto aliyefukuzwa kwa utovu wa nidhamu mwezi wa pili, mwezi wa tatu ulimkuta ameketi katika shule ya jirani bila karatasi yoyote. Maprefe, wakuu wa shule za sekondari, wakakubaliana: hakuna kupokea mtoto bila buletini yake, ile karatasi ya alama na mwenendo, na kabla ya kumwandika, prefe anampigia simu mwenzake wa kule alikotoka.

Mwaka jana tulipokea kijana ambaye kwenye buletini mstari wa mwenendo ulikuwa mbaya kabisa. Prefe akapiga simu. Kumbe baba yake alifariki mwanzoni mwa mwaka, na ugomvi wote ulianza baada ya matanga. Bila simu ile tungemchapa maneno kila siku. Tukamkabidhi kwa mwalimu mmoja wa kumwangalia. Alikosa siku mbili tatu tu mpaka mwisho wa mwaka.

Yaya Kamalondo
Kwetu kuna siku timu ya mpira ya Mazembe inacheza mchana uwanjani pale. Kalasi za mchana zinabaki nusu tupu. Siku hizo direkta wa nidhamu wa shule mbili wanasimama pamoja njiani, na watoto wanarudi.

Muuza mboga, soko la Kenya (komuni ya hapa Lubumbashi)
Mimi si mwalimu, lakini watoto tunawaona sisi. Ukimuuliza wa saa tatu asubuhi, "nasoma mchana". Ukimuuliza wa saa nane, "nimesoma asubuhi". Nguo ni moja mji mzima, utajuaje? Shule za karibu na soko zikashonesha kitambaa kidogo kwenye mfuko wa shati, kijani kwa asubuhi, njano kwa mchana. Sasa nikiona kijani saa tatu, naita jina la shule kwa sauti, na mtoto anaondoka mbio kuelekea shuleni.

Kijana wa Katuba
Niliwahi kuwa mtoto huyo. Sikuanza kwa kupenda barabara. Nilifukuzwa juu ya minervali (karo ya shule), nikiwa sekondari. Mama alikuwa ameuza makaa siku nzima akapata franka za unga tu, nikaona aibu kumwambia. Nikakaa chini ya muembe mpaka saa ya kutoka. Kesho yake tena. Siku ya tano hata pesa ingepatikana, nilikuwa nimeshazoea. Masomo ya msingi ni bure katika shule za serikali tangu Septemba 2019, lakini huku juu bado tunafukuzwa. Nawaomba wakubwa wa shule: mkipatana juu ya nidhamu, mpatane pia kumwita mzazi mwenyewe na kumwacha mtoto ndani ya kalasi.

Mama Mkubwa, Kampemba
Nakubali, ila muwe waangalifu. Kwetu shule mbili zilipeana orodha ya "watoto wabaya". Mtoto wa dada yangu aliandikwa kwa kosa moja la simu, akakataliwa kote, akakaa nyumbani mwaka mzima. Alikuwa na miaka kumi na tatu. Simu kati ya maprefe, ndiyo. Orodha ya majina, hapana, nitaikataa popote.

Mama wa Ruashi
Aksanti sana wote. Kijana wa Katuba, nimesoma ujumbe wako kwa sauti, kijana wangu akisikiliza. Akainama, kisha akasema na yeye walimrudisha langoni juu ya minervali ya mwezi mmoja, na hakuniambia. Jumatatu tunaenda pamoja kwa maprefe wote wawili, wa huku na wa ng'ambo. Nitabeba na daftari ya hesabu.