Asilimia za mtandaoni zina maana gani hasa?

Muulizaji, Mkunazini:
Assalaam alaykum. Zamani tukienda Ngome Kongwe kwenye tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, lililoanza 1998, tulichagua filamu kwa kuambizana barazani. Sasa wanangu hawainuki mpaka watazame kwenye simu asilimia za Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki wa filamu. Je, tuziamini?

Jibu, Chake Chake:
Waalaykum salaam, ndugu yangu. Asilimia ya Rotten Tomatoes si alama ya ubora, bali ni idadi ya wahakiki walioisifu filamu katika kila mia, hivyo iliyosifiwa kidogo tu na kila mmoja yaweza kupata 100.

Jibu, Malindi:
Linaloniuma zaidi ni kwamba filamu nyingi za Kiswahili hazihakikiwi huko kabisa, na ukurasa mtupu hudhaniwa kuwa ni ubaya. Tuziandikie wenyewe, kwa Kiswahili.