Mjadala: Roboti akicheza ngoma, anasema kitu au anatikisika tu?

MzeeWaMajengo: Wale roboti 16 wa Unitree, kampuni ya Kichina, waliocheza na vitambaa mkononi kwenye sherehe ya mwaka mpya wa Kichina, Januari 2025, mliwaona. Sasa naskia watafiti wanasema roboti afundishwe kucheza ili binadamu amwelewe bila maneno. Akifika Mombasa tumfundishe ngoma zetu? Mimi nasema hapana, kucheza si kuongea. Tena roboti tunao tayari: nendeni harusi yoyote ya Kisauni mwone mabinti wanavyotikisika, betri tu ndiyo haionekani.

BintiKisauni: Ya roboti tuyaweke kando kwanza. Mzee wangu, chakacha, ngoma yetu ya wanawake harusini, umeionea wapi? Ulichungulia dirishani?

Mwalimu_Tudor: Jamani tusitoke kwenye mada. Kucheza ni kuongea, muulizeni nyuki. Akirudi mzingani hucheza akitikisa tumbo: mwelekeo wake huwaambia wenzake maua yako upande gani wa jua, na muda wa kutikisa huwaambia umbali. Karl von Frisch, aliyeifumbua ngoma hiyo, alipewa Nobel 1973, hilo likiwemo. Watafiti wa Berlin wakaunda nyuki wa bandia, wakamtia mzingani acheze mbele ya nyuki hai.

MzeeWaMajengo: Sihitaji kuchungulia. Video mnazirusha wenyewe.

MamaVugo: Nani anazirusha? Mtaje! Kwetu simu huachwa mlangoni kwenye kapu. Na hilo neno la betri lifute. Mama yangu alikuwa mtu wa lelemama, ngoma ya wanawake, enzi za vikundi vya Ibinaal Watan na Banu Saada wakirushiana vijembe humu mjini. Mikono na shingo tu, taratibu, lakini shingo ikigeuzwa upande wako ushajua umesemwa, na usiku hulali. Roboti gani ataniudhi hivyo?

Mwalimu_Tudor: Mama, hapo umenisaidia sana, maana hiyo ndiyo hoja yangu.

MamaVugo: Sikukusaidia. Namjibu yule mzee.

DerevaWaWinchi: Mimi niko bandarini. Kutwa naongozwa na mikono ya mtu aliye chini: kidole juu kikizunguka, napandisha; kidole chini kikizunguka, nashusha. Kwa zile kelele hakuna anayemsikia mwenziwe. Kwa hivyo mwendo unasema, hilo halina ubishi. Lakini yule wa chini ananitazama pia, nikipotoka kidogo mkono wake unabadilika papo hapo. Roboti Atlas na wenzake wa kampuni ya Boston Dynamics waliotamba kwa kucheza mtandaoni Desemba 2020 kila hatua walipangiwa na watu. Aliyesema pale ni mwalimu wao, wao walikariri. Mimi nataka roboti ambaye kabla hajanyoosha mkono anageuka kwanza ule upande anaokwenda, nimpishe nisivunjwe mbavu. Hiyo ngoma naitaka. Kiuno akae nacho.

BintiKisauni: "Kiuno akae nacho"? Hata wewe, kaka?

DerevaWaWinchi: Dada, nazungumzia mashine!

Shela_Damu: Mnagombania kisicho chenu. Chakacha ni ya Lamu, Mombasa mmeazima mkaongeza spika.

MamaVugo: Ati nini?

Kibokoni1: Haya, sasa patamu.

BintiKisauni: Lamu mna kirumbizi cha wanaume na fimbo zao, shikeni hicho hicho.

Mwalimu_Tudor: Kuna roboti anaitwa Keepon, kadogo, ka manjano, kazi ya Mjapani Hideki Kozima. Hana mikono wala hasemi, anainama na kudunda kufuata mdundo, basi. Watoto wenye usonji waliokuwa wakiwakwepa watu walikuwa wakimsogelea. Mzee, huyo naye hasemi kitu?

MzeeWaMajengo: Hana kiuno, chakacha hawezi. Nimeshinda.

MamaVugo: Umeshinda nini, na la betri hujalifuta?

MzeeWaMajengo: Silifuti. Nilisema mabinti, sikusema akina mama. Wewe umejiingiza mwenyewe.

BintiKisauni: Kumbe ni sisi! Njoo harusi ya Jumamosi basi, ukae nje na wanaume wenzio ule biriani, ukiona mtu kachomekwa kwenye umeme utuite.

DerevaWaWinchi: Kwa hivyo hakuna wa kunijibu la roboti kugeuka kabla ya kunyoosha mkono?

Kibokoni1: Ndugu yangu, subiri Lamu imalizike.

Shela_Damu: Haimaliziki. Babu yangu alikuwa akipiga ngoma hizo Lamu kabla wengine hamjazaliwa, muulizeni yeyote wa mtaa wa Langoni.

MamaVugo: Babu yako nilimjua. Alizaliwa Malindi, na ngoma hajui hata kuiwamba.