Jiko jipya: kaunta ya marumaru au granaiti? Na chini niweke nini?

BabaMapacha
Wakuu habari za mchana. Nyumba yangu huku Kigamboni imeshapigwa plasta, sasa nimefika jikoni na ndo pananichosha. Jiko ni mita 3 kwa 4, kaunta itakaa L. Mama watoto kaona picha Instagram anataka marumaru nyeupe ile yenye mishipa ya kijivu, na chini taili nyeupe zinazong'aa kama kioo. Fundi anasema weka granaiti nyeusi mambo yaishe, jirani naye anasema mwaga slabu ya zege ubandike taili juu, basi. Kwetu kunapikwa kila siku, samaki, nazi, ndimu, ukwaju, kinu kipo, siyo jiko la kupigia picha. Maji ya kisima yana chumvi. Naombeni uzoefu.

MkataMawe
Mkuu mimi ndo kazi yangu hii. Kwanza ukienda dukani ukisema marumaru watakuonesha taili, hapa mjini majina yamechanganyika, kwahiyo mwambie kabisa unataka jiwe. Sasa hilo jiwe la marumaru ni ndugu wa chokaa, ndimu inalila. Ukiacha kipande cha ndimu juu yake dakika chache unakuta alama isiyong'aa, unasugua na sabuni weee haitoki kwa sababu siyo uchafu, ni mng'ao umeliwa, dawa yake ni kuja mtu na mashine kupiga polishi upya. Granaiti halisi ndimu haiisumbui.

Usiniamini mimi wala muuzaji. Omba kipande cha mabaki nenda nacho home, dondoshea ndimu, lala nacho, asubuhi futa uangalie. Kisha weka tone la maji, likinywewa haraka na pale pakawa peusi ujue hilo jiwe linahitaji kupakwa dawa ya kuziba, la sivyo mafuta na manjano yataingia. Na kama ni nyeusi tii, futa kwa kitambaa cheupe chenye thina, kitambaa kikitoka na rangi ujue limepakwa rangi hilo, achana nalo.

Kingine watu hawakiangalii: granaiti ya sentimita 2 ina kama kilo 54 kwa mita moja ya mraba. Ukiweka juu ya makabati ya chipbodi yasiyo na fremu nzuri yatapinda halafu jiwe linapasuka pale pembeni ya tundu la sinki, maana pale limebaki jembamba.

MamaPilau
MkataMawe kasema vizuri, ila hiyo nyeusi ya fundi wako nakataa. Mimi ninayo, na maji yangu ni ya kisima kama yako. Kuzunguka bomba pamejaa ukungu mweupe wa chumvi, kila jioni nafuta na kitambaa kikavu kama nalipwa. Chukua ya madoa madoa, kahawia au kijivu, inaficha.

Taili juu ya kaunta nilikuwa nazo nyumba ya kupanga. Chapati husukumi vizuri, unga unaingia kwenye mistari na grauti, ile ya kuziba mistari ya taili, ikishashika manjano haina rangi tena.

Na chini, kaka yangu, HIZO ZA KIOO USITHUBUTU. Nilikaanga samaki, mafuta yakaruka kidogo tu hata sikuyaona, nikateleza na sufuria mkononi, namshukuru Mungu ilikuwa ya wali siyo ya mafuta. Weka taili za poselini zisizong'aa, ukipitisha mkono unahisi mkwaruzo kidogo. Kinu peleka uani, ukitwangia juu ya taili utaipasua tu, hata utandike gunia.

Mtanga_wa_zamani
Mbona hamtaji niru, ile saruji inayopigwa laini juu ya sakafu? Kwa bibi yangu Tanga sakafu ya niru nyekundu tangu sijazaliwa, inapigwa deki inang'aa, jiko la mkaa linakaa chini na hakuna taili ya kupasuka.

MkataMawe
@Mtanga_wa_zamani niru nzuri sana ila mafundi wake wa kweli wamebaki wachache, siku hizi wanapiga haraka haraka inachanika ndani ya mwaka.

BabaMapacha, hesabu za chini: boksi la 60 kwa 60 mara nyingi lina taili 4, yaani mita za mraba 1.44. Jiko lako ni 12, hivyo boksi 9 zinatosha kwa kubana, chukua 10 kwa ajili ya kukata na akiba. Angalia namba ya rangi kwenye boksi zote ifanane, ukirudi mwezi ujao kuongeza moja unaweza kukuta weupe tofauti. Fundi akimaliza zigongegonge na mpini wa bisibisi, inayolia kama debe tupu chini haina gundi, airudie kabla hujamlipa.

BabaMapacha
Asanteni sana. Mrejesho: jana tumeenda dukani na ndimu kwenye pochi ya mama watoto, muuzaji anatushangaa. Tumepewa vipande vitatu, tumelala navyo. Ile marumaru asubuhi ina duara kama la kikombe, mama watoto kaishika akainyamazia, kisha akauliza ile ya madoa ya kahawia inauzwaje. Chini tunaweka zisizong'aa. Sasa kabakia kwenye rangi ya makabati, anataka nyeupe 😅

MamaPilau
Nyeupe kwenye makabati mpe, yanafutika hayo. Mwambie tu vishikio visiwe vile vya dhahabu vyenye nakshi, mafuta yanajificha humo.