Smati TV yangu imegeuka zuzu, na aliyeniuzia ndiye anayenishauri ninunue boksi!

Wakuu salaam. Hasira hii ninayo tangu Jumamosi, bora niitapikie hapa kuliko kuwamalizia watu wa nyumbani.

Mwaka 2021 nilitoka Mbagala na laki saba na nusu mfukoni, nikaenda Kariakoo kutafuta TV ya inchi 43. Nilikuwa nimepanga kununua na kiboksi cha Android cha kuchomeka nyuma, kwa ajili ya YouTube na Netflix. Kijana wa dukani akacheka. "Braza, maboksi ya nini tena zama hizi? Hii ni smati, kila kitu kimo humu humu." Akabonyeza rimoti, YouTube hiyo hapo, picha inateleza kama maji. Nikalipa, nikaikumbatia kwenye bajaji mpaka nyumbani kama nimebeba mtoto mchanga.

Miaka miwili ya kwanza sina neno. Wa tatu ikaanza kugandaganda. Unabonyeza rimoti, unakwenda kuteka maji, unarudi, ndiyo kwanza menyu inajifikiria. Kisha ukaanza ujumbe wa "nafasi haitoshi". Haitoshi vipi? Katoni imeandikwa GB 8! Kumbe mfumo wenyewe umeshakula zaidi ya nusu, na juu yake kuna programu zilizopakiwa kiwandani ambazo sijawahi kuzifungua hata siku moja na wala hazifutiki. Nikawa leo nafuta Netflix ili YouTube ipate apdeti, kesho nafuta nyingine ili Netflix irudi. Nimekuwa mwenye nyumba wa chumba kimoja chenye wapangaji watatu.

Jumamosi mama mkwe amefika kutoka Korogwe, kakaa kwenye kochi, anataka kwaya yake. Nafungua YouTube mbele yake kwa madaha: programu hii haitumiki tena kwenye kifaa hiki. Mwisho. Kioo hakina hata mkwaruzo, spika nzima, rangi nzuri kama siku ya kwanza. Mama mkwe akaishia kuangalia kwaya kwenye simu yangu, miwani ikiwa puani, na mimi nimemshikia!

Jumatatu nikarudi dukani. Kijana yule yule, siku hizi ana kitambi na kiti cha kuzunguka. Haoni hata aibu: "Ah, hilo toleo la zamani, bosi. Chukua TV box, elfu themanini na tano tu, unachomeka nyuma."

Nilitamani kumrukia.

Wakuu, kilichoniuma zaidi ni kugundua kwamba jambo hili lilikuwa linajulikana siku nyingi. Aprili 2015 YouTube ilizima programu yake kwenye TV kadhaa za 2012 kurudi nyuma. Desemba 2019 Netflix ikaziacha baadhi ya Samsung za 2010 na 2011. Kioo kinaweza kukaa miaka kumi, lakini ubongo uliobandikwa nyuma yake mara nyingi ni chipu dhaifu na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 1 au moja na nusu, na TV ikishauzwa kiwanda hakina haraka ya kuihangaikia, kinawaza toleo la mwakani. Wenye programu wao wanazidi kuzinenepesha kila mwaka. Sasa mbona hakuna muuzaji anayeniambia hivyo wakati nahesabu hela?

Najua watakuja wajuzi hapa waseme "mkuu, ulinunua ya bei rahisi, TV za sasa zina nguvu, maboksi yamepitwa na wakati". Sawa. Samsung mwaka 2024 walitangaza kuzipa TV zao apdeti za mfumo kwa miaka 7, na LG nao wana mpango wa miaka 5 kwa baadhi ya modeli. Pongezi. Lakini kama leo miaka 7 ni ya kutangaziwa kwa mbwembwe, sisi tulionunua kabla ya hapo tulikuwa tunauziwa nini? Na hizi chapa za bei zetu, zinazopangwa barabarani Kariakoo na bango la "smati 4K", nani kaziahidi hata miaka miwili?

Nvidia Shield, boksi la mwaka 2015, lilipata apdeti tena mwaka 2025. Miaka kumi! Nionyesheni TV ya 2015 iliyopata apdeti mwaka huo wa 2025. Google TV Streamer, boksi la Google la dola 100, lina RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 32, mara nne ya mzigo wangu wa laki saba na nusu. Halafu boksi likichoka unatupa boksi, hutupi kioo. Maboksi nayo si malaika, nakubali. Roku za mwanzo ziliachwa na Netflix siku zile zile za 2019, na Machi 2025 Chromecast za 2015 zililala ghafla kwa sababu cheti chake cha usalama kiliisha muda, ingawa Google walirekebisha ndani ya siku chache. Lakini hasara yake ni ya boksi, si ya TV nzima.

Na hilo la elfu 85 alilotaka kunibambika? Nililikataa. Ni haya yasiyo na cheti cha Google, yaani Google hawajayakagua na kuyaidhinisha, yenye majina ya herufi na namba kama pleti namba ya pikipiki. Juni 2025 FBI walitoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, kirusi kinachokuja ndani ya vifaa vya aina hii tangu kiwandani, na mwezi uliofuata Google wakaenda mahakamani wakitaja vifaa zaidi ya milioni kumi. Mtu wa mbali anapitishia uhalifu wake kwenye intaneti ya sebuleni kwako, bando linayeyuka na wewe unamlaumu mtoto. Hata Netflix ikikubali kufunguka humo, picha inaishia 480p. Unanunua kioo cha 4K ili uangalie ukungu.

Halafu rimoti! Ya TV, ya king'amuzi, sasa na ya boksi. (Kuna mpangilio wa rimoti moja kuongoza vyote kupitia waya wa HDMI unaounganisha boksi na TV, ila kila kampuni imeupa jina lake: Samsung Anynet+, LG Simplink. Uutafute mpaka uchoke.)

Mimi nataka TV zuzu tangu dukani. Kioo, spika, matundu matatu ya HDMI, bei ipungue, ubongo nitautafuta mwenyewe. Nimezunguka Kariakoo siku nzima, kuanzia inchi 43 kwenda juu hakuna asiyenionyesha "smati". Wananilazimisha kulipia ubongo ambao baada ya miaka minne watanicheka nao.

Mwenye boksi lenye cheti alilolitumia zaidi ya miaka mitatu aweke jina lake hapa, na alinunua kwa bei gani. Bajeti yangu ni laki na themanini, haiongezeki. Mama mkwe anaondoka Jumapili.

Wauzaji msinifuate PM, nawajua.