Maelezo ya zana ya kutafuta oda za hisa yaandikweje ili wakala wa akili bandia asikosee?

Mwana_Chumbageni: Wakuu, habari za Tanga. Wakala wetu hutafuta oda (maagizo ya kununua au kuuza hisa) kwa zana, yaani programu ndogo anayoiita, na huitumia kwa kufuata maelezo yake. Sasa anamwambia mteja oda imekamilika, kumbe kati ya hisa 1,000 zimenunuliwa 400 tu. Maelezo ya zana yaseme nini?

Raskazone: Mkuu, tenganisha idadi iliyoagizwa, iliyotekelezwa na iliyobaki. Kila hali ya oda ipe sentensi yake: "imetekelezwa kwa sehemu" maana yake 600 bado zinasubiri sokoni na zinaweza kufutwa. Usipoandika, wakala atabuni. Namba ya oda ipokelewe kama matini (maandishi), si namba: lugha ya programu ya JavaScript hupoteza usahihi wa namba nzima ikipita 9,007,199,254,740,991, na sifuri za mwanzo hupotea.

Pongwe: Kwetu mtego mkubwa ni saa. Mteja akiandika "oda ya saa nne asubuhi" ni 10:00, si 04:00. Weka mfano kamili ndani ya maelezo: 2025-03-04T10:00:00+03:00 (+03:00 ni saa za Afrika Mashariki). Zana ikirudisha orodha tupu, yaani hakuna oda iliyopatikana, nayo si hitilafu. Litamke hilo, la sivyo wakala atarudia ombi lilelile.

Raskazone: Kweli kabisa. Na andika mstari wa kwanza: zana inasoma tu, haiweki wala haifuti oda.