Mada: Hesabu za GED kwa kujisomea: anunue kitabu gani?

Kutoka: Columbus

Wapendwa, salaam. Mdogo wangu anataka kufanya mtihani wa hesabu wa GED, ule wa kupata cheti kinacholingana na cha sekondari hapa Marekani. Alisoma kwa Kifaransa. Kujumlisha na kugawanya hakumsumbui, ila aljebra imemtoka kabisa kichwani. Yuko zamu ya usiku, kwa hiyo kwenda darasani haiwezekani. Vitabu ni vingi, na kwenye intaneti ndiyo usiseme. Ashike kipi, aache kipi? Ana miezi minne.

Kutoka: Louisville

Dada, hongera kwa kumsimamia mdogo wako. Kabla hajatoa hata senti, ahakikishe mtihani wenyewe. Si kila jimbo linatumia GED tu. Yapo yanayotumia HiSET, mtihani mwingine wa cheti kama hicho, na yapo yanayokubali yote miwili. TASC, mtihani wa tatu wa aina hiyo, ilifungwa mwishoni mwa 2021, hivyo kitabu chake hata akipewa bure asikipokee. Vilevile kitabu cha GED kilichochapwa kabla ya 2014 ni cha mtihani mwingine: ule ulikuwa na masomo matano, wa sasa una manne na unafanyika kwenye kompyuta. Hivyo vya zamani ndivyo vinavyouzwa rahisi kwenye maduka ya mitumba, na watu wanapoteza miezi humo.

Hesabu ni dakika 115, maswali kama 46. Alama zinaanzia 100 hadi 200, na ya kufaulu ni 145. Karibu asilimia 45 ya mtihani ni namba, uwiano, asilimia, maumbo na takwimu. Asilimia 55 ni aljebra: milinganyo, grafu, mteremko wa mstari. Basi akiwa dukani afungue ukurasa wa yaliyomo ahesabu kurasa. Kitabu kinachotumia robo tatu yake kwenye sehemu na desimali, halafu kikaibana aljebra mwishoni, akirudishe rafuni.

Kisha aende nyuma kwenye majibu. Hapa ndipo vitabu vingi vinapomwangusha mtu asiye na mwalimu. Chukua swali hili: 3(x − 4) = 2x + 5. Jibu ni 17. Mwanafunzi akipata 9, kitabu kinachoandika "17" peke yake kimemwambia amekosa, basi. Kitabu chenye hatua kitamwonyesha mstari wa kwanza, 3x − 12 = 2x + 5, naye ataona palepale kwamba aliandika 3x − 4, yaani ile 3 aliizidisha kwa x akaisahau 4. Bila hatua atarudia kosa hilohilo kwenye maswali hamsini. Kwa hiyo kitabu kimoja tu, chenye hatua kwa kila swali. Viwili vinamchanganya, maana kila kimoja kina mpangilio wake.

Kwa aljebra aongeze Khan Academy, tovuti ya masomo yenye video na mazoezi, ni bure. Asianze kwa kutazama video moja baada ya nyingine. Zinaeleweka unapotazama, ukifunga simu hukumbuki kitu. Afanye kwanza jaribio la mada kwenye Pre-algebra (somo la kabla ya aljebra), halafu atazame video za yale aliyokosa tu. Algebra 1 asiimalize yote, ina mengi ambayo GED haiulizi. Akishaimudu milinganyo, mistari na milinganyo yenye kipeo cha pili, inatosha.

Mwisho wa mwezi wa pili wa kujisomea afanye GED Ready, jaribio rasmi la watunzi wenyewe. Ni kama nusu ya mtihani kamili na bei yake haifiki dola 10. Kuanzia 145 ni kijani, 134 hadi 144 ni njano, chini ya hapo nyekundu. Rangi isimshughulishe sana. Kitu cha thamani ni ripoti inayotaja ujuzi gani umepungua. Hiyo ndiyo ratiba yake ya mwezi wa tatu. Jingine alihifadhi kwa wiki mbili za mwisho. Na kama anataka kufanyia mtihani nyumbani pale jimbo linaporuhusu, lazima awe na kijani ndani ya siku 60 zilizotangulia.

Kutoka: Dayton

Naongezea kuhusu kikokotoo, maana watu wanaelekeza akili yote kwenye kitabu wakakisahau. Kinachotumika ni TI-30XS MultiView, nacho kiko kwenye skrini. Ajifunze nacho kuanzia wiki ya kwanza, kile cha simu akiweke kando. Kina vitufe viwili vinavyofanana: cha kutoa, na cha namba hasi, chenye alama ya kutoa ndani ya mabano. Ukitaka −3 + 8 ukaanza na kile cha kutoa, mashine haikatai. Inachukua jibu lako lililopita na kulitolea 3. Unapata namba nzuri tu, na siyo sahihi.

Jingine: ukitafuta kipeuo cha pili cha 12 kinakuletea 2√3 badala ya desimali. Hakijaharibika. Bonyeza kitufe chenye mishale miwili, juu ya kile cha kuingiza, nayo inageuka kuwa 3.46 na ushei.

Maswali machache ya mwanzo hayana kikokotoo, na ukishavuka hurudi nyuma. Humo ndimo kwenye kupanga sehemu na desimali kwa ukubwa, KDS (kigawe kidogo cha shirika) na KKS (kigawo kikubwa cha shirika), kanuni za vipeo, vipeuo, na kutambua pale asili, yaani namba ya chini ya sehemu, inapokuwa sifuri. Dakika 15 kwa siku kwa karatasi na kalamu zinatosha.

Kutoka: Portland, Maine

Kwa aliyesoma kwa Kifaransa, tahadhari na koma. Hapa 1,250 ni elfu moja mia mbili hamsini. Desimali ni nukta, hata kwenye kisanduku cha kujaza jibu.

Pia atenge daftari la maneno ya Kiingereza ya maswali, maana wengi wanaijua hesabu lakini sentensi inawageuza. "5 less than a number" ni x − 5, si 5 − x, ingawa 5 imetajwa kwanza. "At least 20" ni 20 au zaidi. Neno "least" linawavuta watu kwenye alama ya pungufu. "Per" ni kugawanya, na "of" baada ya asilimia ni kuzidisha. Kila neno aandike na mlinganyo wake pembeni, tafsiri ya Kiswahili peke yake haitamsaidia.

Kuhusu pesa: aende maktaba ya mji aulize kama kadi yao inafungua LearningExpress, huduma ya mtandaoni ya mazoezi ya mitihani. Maktaba nyingi zinailipia, na ndani yake kuna majaribio ya GED yenye maelezo.

Kutoka: Columbus

Asanteni sana. Swali moja: kanuni za maeneo na ujazo azikariri?

Kutoka: Louisville

Hapana dada, ukurasa wa kanuni upo kwenye skrini. Auchape kutoka tovuti ya GED aufanyie mazoezi, ajue kila kitu kimekaa wapi. Kinachokosewa ni kinachoingizwa. Kanuni ya mcheduara inataka nusu kipenyo, na swali linapenda kutoa kipenyo. Pipa la kipenyo inchi 10 na kimo inchi 7: nusu kipenyo ni 5, hivyo 3.14 × 25 × 7 = inchi za ujazo 549.5. Akiingiza 10 atapata 2,198, mara nne ya jibu, na asishangae kuikuta 2,198 imo kwenye machaguo.